Folda ya Mtandao Inapogoma Kupachikwa kwenye Mashine Pepe: Mwongozo wa Kutafuta Chanzo

Amri ya kupachika folda ya mtandao, `mount`, ni mstari mmoja tu. Ikigoma, ujumbe inaourudisha mara nyingi hauelekezi mahali penye tatizo. `Host is down` hutokea huku seva iko hai na inahudumia wengine. `Permission denied` huja hata nenosiri likiwa sahihi. `wrong fs type` hutolewa hata pale ambapo hakuna diski iliyoharibika. Kwenye mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine) ugumu unaongezeka, kwa sababu kati yake na seva kuna mtandao mwingine mzima uliotengenezwa na programu, nao una kanuni zake.

Ndiyo maana nasisitiza jambo moja: usianze kwa kubadilisha chaguo za amri ukibahatisha. Anza chini kabisa, kwenye mtandao, kisha panda: poti, vifaa vya kupachikia, itifaki, utambulisho, ruhusa za mafaili. Anayeruka moja kwa moja kwenye ruhusa na kuandika `chmod 777` (kumruhusu kila mtu kila kitu) huishia na folda isiyopachikika na tena isiyo salama.

Katika mifano yote seva ni 192.168.50.10, folda inayoshirikiwa inaitwa `hati`, mtumiaji ni `mhariri`, na tunapachika kwenye `/mnt/hati`. Kompyuta halisi inayoendesha mashine pepe nitaiita mwenyeji, na mashine pepe yenyewe nitaiita mgeni.

Kwanza, jua unapachika nini

Kuna njia tatu, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni SMB, ambayo kwenye Linux hupachikwa kwa jina la `cifs`; ndiyo inayotumiwa na Windows na Samba (programu ya Linux ya kushirikisha mafaili kwa SMB), na husafiri kwa poti 445. Ya pili ni NFS, ya ulimwengu wa Linux na Unix, kwa poti 2049. Ya tatu si folda ya mtandao kwa maana halisi: ni folda ya mwenyeji inayopitishwa kwa mgeni na programu ya mashine pepe yenyewe, kama `vboxsf` ya VirtualBox au `virtiofs` ya QEMU.

Ukiwa kwenye njia hii ya tatu, hatua za mtandao hazikuhusu. Kwa `vboxsf`, ujumbe `No such device` maana yake moduli za Guest Additions hazijapakiwa, mara nyingi baada ya kerneli (kiini cha Linux) kusasishwa, zisakinishe upya. `Protocol error` kwa kawaida ni jina la folda ulilotaja kutolingana na lile lililoandikwa kwenye mipangilio ya VirtualBox. Folda ikionekana lakini mtumiaji wa kawaida hawezi kuifungua, mwingize kwenye kundi la `vboxsf` kisha atoke na kuingia upya. Kwa `virtiofs`, mgeni anahitaji kerneli ya Linux 5.4 au mpya zaidi, jina unalopachika ni lile la lebo na si njia ya folda, na kama unatumia libvirt (programu ya kusimamia mashine pepe) lazima kumbukumbu ya mashine pepe iwekwe kuwa ya kushirikiwa. Hayo yakitimia, kazi imekwisha. Yanayofuata ni ya SMB na NFS.

Hatua ya 1: Mashine pepe imekaa wapi kwenye mtandao?

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Ndani ya mgeni andika:

```
ip -br addr
ip route
```

Ukiona anwani 10.0.2.15, kwa kawaida uko kwenye NAT ya VirtualBox. Ukiona kitu kinachoanza na 192.168.122, huo ni mtandao wa kawaida wa libvirt, ambao nao ni NAT. Maana yake mgeni anaweza kwenda nje, lakini kila pakiti yake inapofika kwenye seva inaonekana imetoka kwa mwenyeji. Seva haimjui mgeni kabisa. Kama kwenye seva umeruhusu anwani ya mgeni peke yake, itamkataa, na utatafuta kosa kwenye nenosiri lisilo na kosa.

NAT ya VirtualBox ina tabia nyingine ya kuangalia: wageni wawili walio kwenye hali hiyo hawaonani, kila mmoja yuko peke yake nyuma ya ukuta wake. Kama seva yako ya mafaili ni mashine pepe nyingine kwenye mwenyeji huyohuyo, zihamishie zote mbili kwenye `NAT Network` au `Host-only`, au ziweke zote kwenye `Bridged`.

`Host-only` ni kinyume chake. Mgeni anaongea na mwenyeji na wageni wenzake, basi. Seva iliyo mahali pengine kwenye mtandao wa ofisi haifikiki. Wengi huongeza kadi ya pili ya mtandao kwenye mashine pepe ili kupata yote mawili, na hilo ni sawa, ila `ip route` ndiyo itakayokwambia pakiti za kwenda kwa seva zinapitia kadi ipi:

```
ip route get 192.168.50.10
```

Jibu likitaja kadi usiyoitarajia, umepata chanzo.

`Bridged` humpa mgeni anwani yake kamili kwenye mtandao uleule wa seva, na kwa folda za mtandao ndiyo hali ninayoipendekeza. Ina kasoro moja: kupitia Wi-Fi mara nyingi haifanyi kazi vizuri, kwa sababu vituo vingi vya Wi-Fi havikubali kifaa kimoja kilichounganishwa kitume pakiti kwa anwani za MAC mbili. Mgeni akikosa anwani ya IP akiwa kwenye `Bridged` na mwenyeji yuko kwenye Wi-Fi, jaribu kebo kabla ya jambo lingine lolote.

Hatua ya 2: Jina linatafsirika? Poti inajibu?

```
getent hosts seva-ya-mafaili
nc -zv 192.168.50.10 445
nc -zv 192.168.50.10 2049
```

Usitegemee `ping` peke yake. Seva nyingi huzuia `ping` huku poti zikiwa wazi, na nyingine hujibu `ping` huku poti zimefungwa. Kinachohesabika ni poti.

Majibu ya `nc` yana maana tofauti na yafaa kutofautishwa. `Connection refused` ni habari njema kiasi: umefika kwenye seva, ila hakuna huduma inayosikiliza kwenye poti ile. Nenda kwenye seva uangalie kama `smbd` au `nfs-server` imewashwa. `timed out` maana yake pakiti zinamezwa njiani, na mara nyingi ni fayawoli. `No route to host` ni njia isiyokuwepo, au fayawoli inayokataa waziwazi.

Fayawoli zaweza kuwa tatu kwa wakati mmoja: ya mgeni, ya mwenyeji na ya seva. Kwenye huduma za wingu kuna ya nne, kanuni za usalama za mtandao pepe, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Kwa Amazon EFS, kanuni hizo lazima ziruhusu TCP 2049 kutoka kwenye mashine yako. Kwa Azure Files kupitia SMB ni TCP 445, na ukijaribu kuipachika kutoka nje ya wingu, fahamu kwamba watoa huduma wengi wa intaneti huifunga poti hiyo. Hakuna chaguo la `mount` litakalofungua poti iliyofungwa na mtoa huduma, utahitaji VPN.

Kama seva ina NFS toleo la 3, poti 2049 haitoshi. Inahitaji pia 111 ya `rpcbind` na ile ya `mountd`, ambayo hubadilika usipoibana kwenye mipangilio. NFS toleo la 4 inatumia 2049 tu. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, chagua la 4 na uepuke shida hiyo nzima.

Jina likigoma lakini anwani ya IP ikakubali, tatizo ni DNS, huduma inayotafsiri majina kuwa anwani. Mgeni aliye kwenye NAT mara nyingine hapewi DNS ya ofisi, hivyo majina ya ndani hayajulikani kwake. Pachika kwa IP ili kuendelea, kisha rudi urekebishe DNS, hasa kama mnatumia Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji kwa tiketi, ambao hufuata majina na haukubaliani na IP tupu.

Hatua ya 3: Mgeni ana vifaa vya kupachikia?

Mashine pepe nyingi hutengenezwa kutoka kwenye picha ndogo za mfumo zisizo na vitu hivi. Ujumbe wake ni huu, nao huwachanganya watu kwa sababu unazungumzia diski:

```
mount: /mnt/hati: wrong fs type, bad option, bad superblock on //192.168.50.10/hati,
missing codepage or helper program, or other error.
```

Maneno yenye maana hapo ni `helper program`. Sakinisha:

```
sudo apt install cifs-utils nfs-common       # Debian na Ubuntu
sudo dnf install cifs-utils nfs-utils        # Fedora, RHEL na jamaa zake
```

Kama baada ya hapo unapata `mount error(19): No such device` au unaambiwa `cifs` haitambuliki, ni kerneli isiyo na moduli. Jaribu `sudo modprobe cifs`. Kwenye baadhi ya picha za Ubuntu za mashine pepe moduli hiyo iko kwenye kifurushi cha ziada:

```
sudo apt install linux-modules-extra-$(uname -r)
```

Na kama kerneli imesasishwa lakini mashine haijawashwa upya, huenda moduli za kerneli inayoendelea kutumika zimeshaondolewa. Iwashe upya kwanza.

Hatua ya 4: Pachika kwa mkono, kisha soma logi ya kerneli

Acha `/etc/fstab` kwa sasa. Tengeneza folda na faili la utambulisho:

```
sudo mkdir -p /mnt/hati
sudo nano /etc/hati.siri
sudo chmod 600 /etc/hati.siri
```

Ndani ya faili hilo weka mistari hii, bila nafasi kando ya alama ya usawa:

```
username=mhariri
password=NenoSiriLenyewe
domain=OFISI
```

Mstari wa `domain` uondoe kama hakuna domeni. Faili hili halifichi nenosiri tu. Linaondoa pia kosa la siri: ukiandika nenosiri lenye mkato moja kwa moja kwenye `-o`, `mount` hudhani kilicho baada ya mkato ni chaguo jingine, na unaambiwa nenosiri si sahihi. Angalia pia faili lisiwe limeandikwa kwenye Windows, maana alama ya mwisho wa mstari ya Windows inaweza kuingia kwenye nenosiri bila kuonekana.

Kisha:

```
sudo mount -t cifs //192.168.50.10/hati /mnt/hati -o credentials=/etc/hati.siri,vers=3.0
sudo dmesg | tail -20
```

Amri ya pili ni muhimu kuliko ya kwanza. `mount` hukupa namba ya jumla, lakini `dmesg` hukwambia seva ilijibu nini hasa. Namba 13, `Permission denied`, huzaliwa na sababu mbalimbali, na logi ndiyo inayozitenganisha. `STATUS_LOGON_FAILURE` ni jina au nenosiri, au domeni isiyo sahihi. `STATUS_ACCESS_DENIED` maana yake umetambuliwa vizuri lakini huna ruhusa kwenye folda ile. `STATUS_ACCOUNT_LOCKED_OUT` inajieleza yenyewe, na mara nyingi husababishwa na mashine nyingine inayoendelea kujaribu nenosiri la zamani kila dakika. Kwa Samba, kumbuka kwamba mtumiaji wa Linux hana nenosiri la Samba mpaka apewe kwa `smbpasswd -a mhariri` kwenye seva.

Namba 2, `No such file or directory`, ni jina la folda lililokosewa upande wa seva. Lile la kushirikishwa ndilo linalotakiwa, si njia yake kwenye diski. Orodhesha yaliyopo:

```
smbclient -L //192.168.50.10 -U mhariri
```

Namba 112, `Host is down`, huja mara nyingi pale pande mbili zisipokubaliana toleo la SMB. Historia yake ni fupi na inasaidia. SMB1 ndiyo iliyotumiwa na programu hasidi ya WannaCry mwezi Mei 2017 kusambaa duniani, na tangu hapo imekuwa ikiondolewa kila mahali: mwaka uleule kerneli ya Linux 4.13 iliacha kuitumia kama chaguo-msingi, Microsoft ikaacha kuiweka kwa kawaida kuanzia Windows 10 toleo la 1709, na Samba 4.11 ikaizima mwaka 2019. Kwa hiyo mgeni wa kisasa akikutana na kifaa cha kale cha kuhifadhia mafaili, au mgeni wa kale akikutana na seva ya kisasa, hakuna lugha ya pamoja. Jaribu `vers=3.1.1`, `vers=3.0`, `vers=2.1` kwa zamu. `vers=1.0` ikikubali, umeelewa tatizo, lakini tafadhali usiiache hivyo. Sasisha kifaa, au kitenge kwenye mtandao wake.

Namba 126, `Required key not available`, ni ya Kerberos: hakuna tiketi. Endesha `klist` uone. Na ukiona Kerberos inakataa bila sababu, angalia saa, kwa sababu tofauti inayovumiliwa kwa kawaida ni dakika 5 tu. Mashine pepe iliyosimamishwa usiku na kuamshwa asubuhi inaweza kuamka ikiwa na saa ya jana. `timedatectl` itakuonyesha, washa `chrony` au usawazishaji wa saa wa programu yako ya mashine pepe.

Hatua ya 5: Upande wa NFS

NFS ya kawaida haiulizi nenosiri. Inaangalia unatoka wapi na namba yako ya mtumiaji ni ipi, na yote mawili huvurugwa na mashine pepe.

```
sudo mount -v -t nfs -o vers=4.2 192.168.50.10:/srv/hati /mnt/hati
```

Ukipata `access denied by server while mounting`, nenda kwenye seva:

```
sudo exportfs -v
sudo journalctl -u nfs-mountd -n 30
```

Mosi, je, anwani iliyoruhusiwa ndiyo inayoonekana na seva? Mgeni akiwa kwenye NAT, iliyotakiwa kuruhusiwa ni ya mwenyeji. Pili, angalia nafasi kwenye `/etc/exports`. Mistari hii miwili inafanana machoni lakini ni tofauti kabisa:

```
/srv/hati 192.168.50.31(rw,sync)
/srv/hati 192.168.50.31 (rw,sync)
```

Wa kwanza unampa mashine ile ruhusa ya kuandika. Wa pili, kwa sababu ya nafasi moja, unampa mashine ile chaguo-msingi za kusoma tu, na unawapa watu wote wengine ruhusa ya kuandika. Ukirekebisha, endesha `sudo exportfs -ra`.

Tatu, na hili ndilo linalowachosha watu wa mashine pepe kuliko yote: seva ya NFS kwa kawaida hukubali tu maombi yanayotoka kwenye poti iliyo chini ya 1024. Mgeni hutii na kutumia poti ya chini, lakini NAT inapobadilisha pakiti huipa poti mpya ya juu. NAT ya libvirt imepangwa kutumia 1024 hadi 65535, na ile ya VirtualBox hufungua soketi kama programu ya kawaida isiyo na haki za poti za chini. Seva inakataa, na kwenye logi yake unaweza kukuta maneno `illegal port`. Kila kitu kingine kiko sawa: anwani ni sahihi, poti 2049 inajibu, `exports` haina kosa. Suluhisho ninalolipenda ni kumhamishia mgeni kwenye `Bridged`. Kama haiwezekani, ongeza chaguo `insecure` kwenye mstari wa mwenyeji huyo peke yake:

```
/srv/hati 192.168.50.5(rw,sync,insecure)
```

Jina la chaguo linatisha kuliko athari yake, ila fahamu kwamba sasa programu yoyote kwenye mwenyeji, hata ya mtumiaji wa kawaida, inaweza kuongea na seva ile ya NFS.

Usishangae `showmount -e 192.168.50.10` ikigoma huku kupachika kunafanikiwa. Amri hiyo inategemea `mountd` na `rpcbind`, ambazo seva ya toleo la 4 peke yake haizihitaji.

Hatua ya 6: Imepachikwa, lakini haiandiki

Kwa SMB, mafaili yote huonekana ni ya `root` kwa sababu ndivyo `mount` inavyofanya usipoiambia vingine. Kubadilisha kwa `chown` hakutasaidia. Ongeza kwenye chaguo:

```
uid=1000,gid=1000,file_mode=0640,dir_mode=0750
```

Haya yanaamua jinsi mgeni anavyoyaona mafaili. Uamuzi wa mwisho bado ni wa seva, kwa mtumiaji uliyejitambulisha naye.

Kwa NFS, kinachosafiri ni namba, si jina. Mtumiaji `mhariri` akiwa 1000 kwa mgeni na 1005 kwenye seva, kwa seva hao ni watu wawili. Linganisha `id mhariri` pande zote. `root` naye hugeuzwa kuwa mtumiaji asiye na haki, kwa sababu ya `root_squash`, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Usiweke `no_root_squash` kwa mgeni ambaye watu wengine wana `sudo` ndani yake. Mafaili yote yakionekana ni ya `nobody` kwenye toleo la 4, linganisha `Domain` katika `/etc/idmapd.conf` pande zote mbili. Na mtumiaji aliye kwenye makundi mengi akinyimwa ruhusa ya kundi alilomo, kumbuka kwamba utambulisho wa kawaida wa NFS hubeba makundi 16 tu.

Kwenye mifumo yenye SELinux (ulinzi wa ziada wa Linux unaobana kila programu kivyake), `ls` yako inaweza kufanikiwa huku seva ya wavuti iliyo kwenye mgeni ikikataliwa. Hapo ni `sudo setsebool -P httpd_use_nfs on` au `httpd_use_cifs on`. Usizime SELinux nzima kwa ajili ya hili.

Hatua ya 7: Imepachikwa, lakini inaganda

Dalili hii ina sura yake: kupachika kunakubali, `ls` kwenye folda yenye mafaili machache inajibu, lakini folda kubwa au kunakili faili kubwa kunakwama milele. Pakiti ndogo zinapita, kubwa zinapotea. Shuku MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja.

```
ping -M do -s 1472 192.168.50.10
```

1472 pamoja na baiti 28 za vichwa ni 1500, kipimo cha kawaida. Ikigoma, punguza mpaka ipite. Mitandao pepe inayotumia VXLAN (njia ya kufunga pakiti ndani ya pakiti nyingine) hula baiti 50 za kila pakiti, hivyo mgeni anatakiwa awe na 1450. Kosa la upande wa pili ni seva iliyowekwa 9000 huku swichi pepe ya mwenyeji ikibaki 1500. Weka kipimo kimoja njia nzima:

```
sudo ip link set dev eth0 mtu 1450
```

Amri hiyo hupotea mashine ikizimwa, kwa hiyo ikisaidia, iandike kwenye mipangilio ya kudumu ya mtandao.

Hatua ya 8: Mashine zilizonakiliwa

Mashine pepe moja ikifanya kazi vizuri, watu huinakili mara kumi. Kisha folda zinaanza kukatika bila mpangilio. Nakala hubeba utambulisho uleule: jina la mashine, `/etc/machine-id`, na wakati mwingine anwani ya MAC. Kwenye mifumo inayotumia `systemd-networkd`, `machine-id` ndiyo msingi wa kitambulisho kinachopelekwa kwa DHCP, huduma inayogawa anwani za IP, hivyo nakala mbili zinaweza kupewa IP moja. NFS toleo la 4 nayo hujitambulisha kwa seva kwa kutumia jina la mashine. Wageni wawili wenye jina moja huonekana kwa seva kama mteja mmoja anayewashwa upya kila mara, na kila mmoja humfutia mwenzake kufuli za mafaili.

Kwenye kila nakala, kabla haijagusa seva:

```
sudo hostnamectl set-hostname mgeni-02
sudo rm /etc/machine-id
sudo systemd-machine-id-setup
sudo reboot
```

Na hakikisha programu ya mashine pepe imetoa MAC mpya.

Hatua ya 9: Inapachikwa kwa mkono, lakini si mashine inapowaka

Sasa ndipo pa `/etc/fstab`:

```
//192.168.50.10/hati  /mnt/hati  cifs  credentials=/etc/hati.siri,vers=3.0,uid=1000,gid=1000,_netdev,nofail,x-systemd.automount  0  0
```

`_netdev` husema kitu hiki kinahitaji mtandao. `nofail` huzuia mgeni kukwama kwenye hali ya dharura pale seva inapokuwa imezimwa, na kwa mashine pepe iliyo mbali usiyoweza kuiona skrini yake, chaguo hilo ni la lazima. `x-systemd.automount` huahirisha kupachika mpaka mtu aguse folda. Hiyo inatatua tatizo la kawaida la seva na mgeni kuwashwa pamoja kwenye mwenyeji mmoja, mgeni akawahi kuamka. Kama jina la folda lina nafasi, iandike `\040`.

Jaribu kabla ya kuwasha upya:

```
sudo findmnt --verify
sudo systemctl daemon-reload
sudo mount -a
```

Kama mgeni ni Windows

Mtiririko ni uleule. Poti hupimwa kwa PowerShell, na kupachika ni `net use`:

```
Test-NetConnection 192.168.50.10 -Port 445
net use Z: \\192.168.50.10\hati /user:OFISI\mhariri
```

Kosa 53 ni njia au fayawoli, 67 ni jina la folda, 5 ni ruhusa, 1326 ni nenosiri. Kosa 1219 hutokea ukiwa tayari umeunganishwa na seva ileile kwa mtumiaji mwingine. Angalia kwa `net use`, ondoa ule wa zamani kwa `/delete`. Diski ya Z ikionekana kwako lakini si kwenye dirisha lililofunguliwa kama msimamizi, hiyo ni kawaida ya Windows, maana vipindi hivyo viwili vimetengwa. Endesha `net use` ndani ya dirisha lile. Folda zisizo na nenosiri zilizokuwa zikifunguka zamani zinaweza kukataa ghafla kwenye Windows 11 toleo la 24H2, ambalo linadai mawasiliano ya SMB yatiwe sahihi. Mtumiaji anayeingia bila nenosiri hawezi kuitia, kwa hiyo fungua akaunti halisi kwenye seva.

Folda iliyokwama haiachii

Seva ikitoweka ghafla, programu zilizokuwa zikisoma folda ya NFS husimama na hata `kill -9` huenda isizitoe, kwa sababu chaguo-msingi ni `hard`: kusubiri bila kikomo. Ni uamuzi sahihi kwa data inayoandikwa. `soft` hukata tamaa baada ya muda na inaweza kuacha faili nusu bila programu kujua, kwa hiyo itumie kwenye folda za kusoma tu.

Jambo la kwanza ni kujaribu kurudisha seva, maana ikirudi kila kitu huendelea pale kilipoishia. Isiporudi, tazama nani ameishikilia, kisha iondoe:

```
sudo fuser -vm /mnt/hati
sudo umount -f /mnt/hati
sudo umount -l /mnt/hati
```

`fuser` yenyewe inaweza kukwama ikigusa folda iliyokufa. Ikifanya hivyo, ikatize uende kwenye `umount`. `-l` huondoa folda kwenye mti wa mafaili papo hapo na kuacha usafi ufanyike baadaye, kwa hiyo iwe ya mwisho. Ukiona `Stale file handle`, seva imerudi lakini folda iliyokuwa ikishirikiwa si ileile tena, pengine diski yake ilibadilishwa au kurejeshwa kutoka kwenye nakala ya akiba. Kusubiri hakutasaidia hapo: toa, pachika upya, kisha washa upya huduma zilizokuwa zimefungua mafaili yake.